Kura ya Ngoy Kilumba

Papa Isidore alijiunga na chama chetu mwaka wa 1994, na kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akisema jambo lolote juu yake mwenyewe. Alikuwa karani mstaafu wa reli, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Mkutano wetu wa kila Jumamosi alasiri tuliufanya katika ukumbi wa parokia, naye aliketi kiti cha mwisho, karibu na dirisha. Hakukosa hata mara moja. Tulipompa kazi aliifanya, na tulipomshukuru aliinamisha kichwa kana kwamba tumemkaripia.

Chama tulikiita Kura ya Kweli. Tulikuwa kumi na wawili tulipokianzisha, wakati ule wajumbe walipokuwa wanakutana Kinshasa kwa ajili ya mkutano mkuu wa taifa na kila mji ulikuwa unaanzisha vyama vyake. Kufikia 1996 tulibaki saba. Hakuna aliyelipwa. Mimi, Adrienne, nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, na kwa kuwa marehemu baba aliniachia mashine ya kuandika, walinifanya katibu.

Tulichotaka hakikuwa kikubwa. Watu wa Kalemie walikuwa wamepiga kura mara nyingi tangu nchi ilipoitwa Zaire, na kila mara matokeo yalijulikana kabla masanduku hayajafunguliwa. Sisi tuliomba orodha ya wapiga kura ibandikwe ukutani mwezi mzima ili kila mtu aisome. Tuliomba kura zihesabiwe pale pale zilipopigwa, mbele ya watu. Na tuliomba wafu waondolewe kwenye orodha.

Hilo la mwisho lilikuwa langu. Baba yangu tulimzika 1985. Mwezi wa tisa mwaka wa 1987, siku ya kuchagua wabunge, alipiga kura. Niliona kwa macho yangu, kwa sababu kituo cha kura kilikuwa shuleni kwetu, na kile kitabu cha majina kiliachwa siku mbili juu ya meza ya darasa langu kabla gari halijaja kukichukua. Nilikifungua. Mbele ya jina la baba kulikuwa na alama ya msalaba mdogo, sawa na ile iliyokuwa mbele ya jina langu, mimi niliyepiga kura kweli. Kwanza nilicheka. Kisha hasira ikanishika, na haikuniacha. Ndiyo iliyonipeleka kwenye chama.

Mwaka wa 1996 tuliambiwa kwamba uchaguzi utafanyika mwaka unaofuata. Tukaenda biro ya zone, ofisi ya serikali ya eneo letu, kumwona komisere, mkuu wake. Alitupokea vizuri, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mukitaka nitoe muntu kwenye orodha, munipe karatasi. Kwa kila marehemu, ndugu yake mumoja atie sahihi ao kidole. Bila ile, mimi siwezi."

Akaturuhusu kunakili ile orodha ya 1987 ya mtaa wetu. Papa Isidore ndiye aliyeinakili, siku nne mfululizo, ameinama kwenye benchi la baraza ya biro. Alipotukabidhi daftari nilimsifu kwa mwandiko wake. Alichukua kofia yake akaenda zake.

Tulijigawa mtaa, nami nikapangwa pamoja naye. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi, upepo wa ziwa unapeperusha vumbi mpaka kwenye meno. Tulipita nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa na daftari, yeye na fishi, zile karatasi za kutiwa sahihi, na kikopo cha wino wa kidole. Kazi ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Nilidhani watu watakasirika kama mimi nilivyokasirika. Wengine walikasirika, kweli. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa aliposikia kwamba mke wake alipiga kura miaka mitano baada ya kuzikwa, akasema alikuwa mwanamke wa bidii. Lakini wengi waliposikia jina lile likisomwa kwa sauti na mtu wa nje, walinyamaza tu. Kuna mama aliyeniomba nilisome mara ya pili. Alisema hakuna mtu aliyelitamka ndani ya nyumba ile tangu matanga yalipokwisha.

Wiki ya tatu tulifika kwa Mama Célestin.

Nilimfahamu. Zamani alikuwa akifagia shuleni kwetu, kisha mgongo ukamshinda akaacha, akawa anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Jina lake la ubatizo ni Françoise, lakini mtaa mzima ulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Tulimkuta uani anatandaza samaki kwenye mkeka. Alitutolea viti viwili, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Nilikuwa nawangojea," akasema. "Kwa Mama Bertille mulipita siku ya ine. Nikasema, kwangu watafika lini?"

"Tumefika, Mama."

"Kura njo lini?"

"Wanasema mwaka kesho."

"Kwenye shule ile ile?"

"Pengine, Mama. Bado hawajasema."

"Ni vizuri." Alipangusa mikono kwenye kitambaa chake. "Nitaenda mapema, kabla hawajafungua mulango. Mara ile nilienda saa ine, nikachelewa."

Sikuelewa alichelewa nini, na sikuuliza. Nilifungua daftari nikamwambia kwamba kwa nyumba yake tuna majina matatu: lake, la mume wake aliyefariki 1991, na la mtu anayeitwa Ngoy Kilumba.

"Bwana yangu mumutoe," akasema. "Alikufa hapa, watu wote walimuzika. Nitaweka kidole. Ngoy mumuache. Njo Célestin yule. Wakati ule majina ya wazungu yalikatazwa, kwenye vitabu aliandikwa Ngoy."

Hapo nikakumbuka habari yake, kama vile mtu anavyokumbuka jambo alilolisikia mara moja. Célestin alikuwa anafanya biashara ndogo na Moba, mji wa bandari kusini kwetu. Alipeleka chumvi na sabuni kwa mashua, akapanda mlima mpaka Kirungu, akarudi na maharagwe. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1984 alikuwa huko wakati waasi walipouingia mji na wanajeshi wakaja kuuteka tena. Mashua ilirudi bila yeye. Mtu mmoja alisema alimwona anakimbilia upande wa milimani. Mwingine alisema hakumwona kabisa. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

"Mama," nikasema polepole, "tangu Moba, mulipata habari yake?"

"Nilipata."

Aliangalia nyuma, kule barabarani, kisha akasogeza kile kinu karibu nasi.

"Mimi njo nilikuwa nafagia shule, unajua. Kisha ile kura ya 87, niliingia kwenye darasa lako, Madame. Kitabu kilikuwa juu ya meza. Mimi sikusoma sana, lakini jina yangu ninajua, ya bwana yangu ninajua, na ya mutoto wangu ninajua. Nikatafuta yangu. Kulikuwa musalaba. Ni kweli, nilipiga kura. Ya bwana yangu, musalaba. Ni kweli. Kisha nikaona ya Célestin. Musalaba."

Alisubiri kidogo ili tuelewe.

"Alipita," akasema. "Alikuja siku ile, akapiga kura, akaenda. Nilimuambia bwana yangu. Magaribi akaniambia: usiseme kwa watu. Wale walikuwa Moba wakati ya vita, watu walikuwa wanawaita waasi. Muntu akiogopa, hawezi kuingia kwa mama yake, maana njo pale watamutafuta kwanza. Basi sikusema. Pengine yuko Kigoma. Pengine alioa kule. Lakini kura inamuleta. Kwa ile ninangoja kura. Nitakaa pale kwenye mulango toka asubuhi."

Nilijua ile alama ilikuwa nini. Baba yangu pia alikuwa nayo. Nilifungua mdomo kumwambia, kisha nikamgeukia Papa Isidore anisaidie. Alikuwa ameshika fishi kwa mikono yote miwili na uso wake umekuwa kama majivu. Akasimama.

"Mama, tutarudi," akasema, akatoka. Kwetu mtu haondoki hivyo kwenye nyumba ya watu, maji hayajaletwa, kuaga hakujafanyika. Niliomba radhi kwa niaba yake nikamfuata.

Nilimkuta kwenye njia ya reli, pale mabehewa ya zamani yalipoachwa yaote kutu. Alikuwa amekaa juu ya chuma, kofia iko chini. Nilidhani anaumwa.

"Madame Adrienne," akasema, "ile alama ni ya mukono wangu."

Aliniambia yote akiwa anaangalia kokoto za reli. Mwaka ule wa 1987 walimchagua kuwa karani wa kituo kwa sababu ya mwandiko wake. Watu walikuja wachache; walikuwa wamechoka kuchagua. Saa kumi jioni mkubwa mmoja aliingia, ambaye hakumwona tena baada ya siku ile, akafungua kitabu, akaona nafasi tupu. Akasema: jaza. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeagiza chai.

"Nilikuwa na rula," akasema Papa Isidore. "Niliiweka kwenye ukurasa, nikashuka nayo jina kwa jina. Kurasa kumi na moja. Sikusoma majina. Niliyafunika na rula ili nisiyasome. Nilikuwa na watoto sita, na kazi, na niliogopa. Njo hivyo tu. Sina neno lingine."

"Na baba yangu?"

"Na baba yako. Toka siku ile ya kwanza ulituhadisia habari yake kwenye ukumbi, kila Jumamosi nimetaka kukuambia."

Kwa miaka tisa nilikuwa nimeuchukia mkono nisioujua, na sasa ulikuwa mbele yangu, mkavu, wa mzee, umeshika fishi zetu za sahihi. Nilipaswa kumhurumia, na leo ninamhurumia. Siku ile sikuweza. Nilimwambia: "Basi utaandika. Utaandika kila kitu, na saa, na kurasa, na utatia sahihi, na tutaweka mbele ya faili yote."

"Nitaandika."

"Na Mama Célestin atatia kidole."

Akaninyanyulia macho. "Madame, jina moja. Tumuachie ile jina moja."

"Tukiacha moja, tutaacha ngapi?"

Nilisema kama ninavyosema darasani. Na niseme ukweli hapa, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika: wakati ule sikumfikiria yule mama. Nilifikiria faili. Mtu aliyepotea Moba 1984, akapiga kura Kalemie 1987, na karani mwenyewe anakiri. Nilikuwa tayari nimeuona ukurasa ule kwenye mashine yangu. Nani angeusoma asishtuke?

Papa Isidore aliokota kofia yake. "Nitamuambia mimi," akasema. "Haiko kazi yako."

Tulirudi Jumapili, baada ya misa ya pili. Mama Célestin alikuwa ametutayarishia chakula, kwa sababu mara ya kwanza tuliondoka mikono mitupu: bukari, yaani ugali, ndagala za mawese, na majani ya muhogo. Alituwekea meza ndogo chini ya paa la baraza, akatuletea maji ya kunawa. Papa Isidore hakunawa.

"Mama, ninaomba nikuambie kitu kwanza. Ile musalaba uliona mbele ya jina ya Célestin, ni miye niliweka. Nilikuwa karani wa kura."

Mama Célestin aliuweka chini mtungi wa maji. Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona uso ukifunguka vile, na ningependa nisiwe nimeuona.

"Basi wewe njo ulimuona," akasema. "Alivaa nini?"

Papa Isidore alitikisa kichwa.

"Alikonda? Uniambie tu. Alikuwa na muntu ao alikuwa peke yake?"

"Sikumuona, Mama. Hakuja. Hakuna muntu alikuja. Walituambia tujaze majina ya wale hawakukuja, nikajaza. Niliweka musalaba kwa majina yote."

"Yote."

"Yote yenye yalikuwa tupu. Na ya Célestin ilikuwa ndani."

Nzi walianza kutua kwenye chakula na Mama Célestin, kwa mazoea ya mkono, akakifunika na sahani. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Madame, ulijua?"

"Nilijua alama zile ni za uongo, Mama. Baba yangu alikuwa nayo pia, na tulikuwa tumeisha kumuzika miaka miwili."

"Aa," akasema. "Pole."

Alinipa pole mimi. Aliitamka vizuri, kwa adabu, kama mtu anayepewa habari ya msiba wa jirani. Kisha akaanza kusema, si kwetu hasa.

"Nilikuwa najiambia, tulipishana kwenye mulango. Ile saa ine nilifika, pengine yeye alikuwa anatoka kwa nyuma, kwenye upande wa choo. Nilikuwa nafikiri: kama singepitia kwa Bertille kuazima kanga, ningemukuta. Miaka tisa ninajilaumu juu ya ile kanga."

Papa Isidore alikuwa analia bila sauti, uso uko wazi, hakujificha.

"Muende sasa," akasema Mama Célestin. "Munisamehe. Chakula mutakula siku ingine."

Fishi ya Célestin ilikuwa ndani ya mfuko wangu, pamoja na wino. Nilipokuwa nasimama mkono wangu uligusa mfuko ule, nami nikautoa upesi kama nimeungua. Tuliondoka bila kutazamana.

Siku nne baadaye habari ilipita mtaani kwamba Mama Célestin ameweka matanga. Miaka kumi na miwili tangu Moba, hakuna mwili, hakuna kaburi, lakini alifunga kitambaa kichwani, akatoa viti nje, akakaa chini kwenye mkeka. Shemeji yake, Papa Gaspard, alikuja kutoka Niemba kwa treni ya mizigo akiwa na jogoo wawili. Wanawake wa kwaya walikuja kuimba. Watu walisema maneno mengi, kwamba mama wa watu amechanganyikiwa, kwamba amechelewa. Walipofika pale na kumwona, waliacha kusema wakakaa.

Papa Isidore alikwenda siku ya kwanza. Alikaa kwenye benchi la mwisho la wanaume. Papa Gaspard alipoambiwa ni nani, alimfuata, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba pale si mahali pake. Alisimama akaondoka. Siku ya pili alirudi, lakini hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, toka asubuhi mpaka jua lilipopoa. Siku ya tatu vilevile. Nilimwomba aende nyumbani, jua lilikuwa kali. Akasema: "Hapa sisumbui muntu."

Siku ya kufunga matanga, watu walipokuwa wanakunja mikeka, Mama Célestin alitoka uani, akavuka barabara akitembea polepole kwa sababu ya mgongo, mpaka akafika alipokuwa amesimama.

"Ile karatasi iko wapi?" akauliza.

Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Nilikuja nikaifungua. Papa Isidore alishika kikopo cha wino, na mikono yake ilitetemeka hivi kwamba kidole cha mama kilikosa mara mbili.

"Shika vizuri," akamwambia.

Akashika kwa mikono miwili. Akaweka kidole, akakiangalia, akakipangusa kwenye kitambaa chake cheusi, akarudi kwake.

Tuliipeleka faili biro ya zone katikati ya mwezi wa kumi. Majina mia tatu arobaini na moja, na juu ya yote kurasa mbili za Papa Isidore, nilizozipiga chapa mwenyewe, neno kwa neno kama alivyoandika. Kabla ya hapo tulizisoma kwenye mkutano wa chama. Wawili walisimama wakatoka, hawakurudi. Mmoja alisema tumekaa miaka miwili na mwizi. Papa Isidore hakujitetea. Aliuliza tu kama tungependa aache kuja. Sisi tuliobaki tulisema hapana, ingawa mimi nilichelewa kidogo kusema, naye alisikia kwamba nilichelewa.

Komisere alisoma kurasa zile mbili mbele yetu. Akauliza ni nani aliyeziandika, na Papa Isidore akasema ni yeye. Komisere akazikunja, akaziweka kando ya faili, si ndani.

Jibu lilikuja wiki tatu baadaye. Wafu mia tatu arobaini wamepokelewa, na majina yao yatafikishwa mbele. Kurasa za Papa Isidore hazikutajwa hata kwa neno moja. Na mtu anayeitwa Ngoy Kilumba hawezi kuondolewa, kwa kuwa hakuna cheti cha kifo wala shahidi wa maziko. Aliyepotea anahesabiwa kuwa hai mpaka tribinali, yaani mahakama, itakapoamua vingine. Ataendelea kuwa mpiga kura.

Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama kwenye ngazi za biro. Kila neno lake lilikuwa halali. Sisi wenyewe tulikuwa tumeomba mambo yafuate sheria.

Kumpelekea habari ile ilikuwa kazi yangu sasa, na sikutaka Papa Isidore aibebe, lakini alikuja. Wakati ule mji ulikuwa umeanza kuogopa. Vita vilikuwa vimeshika Uvira, na kila siku mashua zilileta watu kutoka kaskazini, wamebeba magodoro na watoto. Tulimkuta Mama Célestin anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amempa mwanamke mmoja wa Uvira chumba cha Célestin, na nguo za watoto wa yule mwanamke zilikuwa zimeanikwa kwenye dirisha lake.

Nilimsomea barua. Niliisoma kwa Kifaransa kwanza, kama ilivyoandikwa, kisha nikamweleza.

"Basi kwenye karatasi yao ni muzima," akasema.

"Ndiyo, Mama. Lakini tutaenda tribinali. Papa Isidore atakuwa shahidi, mimi pia. Itachukua wakati, lakini tutashinda."

Alitoa jiwe dogo kwenye ungo akalitupa.

"Tribinali watamuuliza nani? Mimi. Nitasimama mbele ya watu niseme mutoto wangu amekufa, nao watasema umejuaje? Na mimi sijui. Sikumuona. Papa Isidore hakumuona. Hakuna muntu alimuona." Akatikisa ungo, maharagwe yakaruka yakatua. "Muache, Madame. Miye nimeisha kumulilia. Wao wakitaka awe muzima kwao, ni kwao."

"Lakini watamtumia tena, Mama. Watapiga kura kwa jina lake."

"Najua," akasema. "Safari hii nitajua."

Nilitaka kubishana. Papa Isidore aligusa mkono wangu, nikaacha. Alimwomba Mama Célestin ungo mwingine, akaupata, akakaa kwenye kinu, akaanza kuchambua naye. Niliwaacha hapo, kila mmoja na ungo wake.

Mwezi wa pili vita vilifika Kalemie. Siku chache kabla, wanajeshi waliokuwa wanakimbia walipora mji, na biro ya zone ikafunguliwa kama nyumba nyingine zote. Karatasi zilitapakaa barabarani mpaka bandarini, wanawake waliziokota kuwashia moto na kufungia karanga. Uchaguzi haukufanyika mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Mimi nilivuka ziwa na dada yangu tukakaa Kigoma miezi mitano, katika chumba cha ndugu wa shemeji. Niliporudi, nchi ilikuwa imebadilishwa jina, na kwenye ukumbi wa parokia kulikuwa na watu wanalala.

Nilikwenda kumtafuta Papa Isidore, nikakuta nyumba imefungwa. Jirani aliniambia niende kwa Mama Célestin.

Alikuwa uani, ameinama kwenye mkeka wa samaki. Alizeeka sana katika miezi ile mitano. Alinisalimia, akaniuliza habari za Kigoma, kama bei ya chumvi iko chini, kama dada yangu alirudi mzima. Kisha akaniambia.

"Papa Isidore alikufa mwezi wa tatu. Ni malaria. Siku ine tu, hakukuwa dawa. Wanawe walikuwa wamekimbia, mumoja tu njo alikuwa hapa."

Nilikaa chini pale pale, juu ya mchanga.

"Walimuzika watu wachache," akasema. "Wazee wa reli, na Padiri, na mimi. Nilikaa matanga mpaka siku ya mwisho."

Alinyoosha mgongo wake kwa shida, akaniangalia nilivyokaa, akaingia ndani akaniletea maji.